Taa za Mapambo Nyumbani: Stima Ipunguzwe Ukutani

  Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kuhara. Tutazungumza juu ya zile taa ndogo za rangi tunazotundika dirishani wakati wa Krismasi, wakati wa Idi, mtoto anapobatizwa, na siku hizi hata siku za kawaida ili sebule ipendeze.

Huenda ukajiuliza, muuguzi na taa wapi na wapi? Nitakueleza.

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi kumi na sita. Kwenye pembe ya mdomo wa mtoto palikuwa na kidonda cheupe, kikavu, kama ngozi iliyopikwa. Mtoto hakuwa analia sana, na mama alidhani ni kidonda cha homa. Nilipomuuliza zaidi, akakumbuka kwamba jana yake mtoto alikuwa akicheza nyuma ya kochi, pale waya wa taa za Krismasi ulipopita. Alikuwa ameutafuna. Mama akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Lakini sista, kwenye boksi imeandikwa balbu ni volti 12. Si hiyo ni stima kidogo?"

Mama huyo hakuwa mjinga. Wengi wetu tunafikiri hivyo. Kwa hivyo tuanzie hapo.

Volti 12 zinazodanganya

Stima inayofika nyumbani kwako kutoka Kenya Power ni volti 240. Hiyo inaweza kumuua mtu mzima, sembuse mtoto. Taa nyingi za zamani za mapambo zina balbu 20 zilizofuatana kwenye waya mmoja, kila balbu ikiwa ya volti 12. Ukizidisha 20 kwa 12 utapata 240. Ndiyo sababu ziliweza kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi bila kuungua.

Sasa fikiria watoto 20 wamepanga foleni, nawe unampa wa kwanza njugu 240. Kila mtoto anachukua njugu 12 na kumpitishia mwenzake zilizobaki. Ni kweli kila mmoja amekula 12 tu. Lakini mkononi mwa mtoto wa kwanza palikuwa na njugu ngapi? Zote 240. Na mtoto mmoja akitoka kwenye foleni, njugu haziendi mbele tena, zinarundikana pale penye pengo.

Waya wa taa za zamani uko vivyo hivyo. Balbu inatumia volti 12, lakini waya wenyewe una nguvu ya ukutani. Balbu moja ikichomoka au ikivunjika, taa zote huzima, na hapo ndipo hatari huwa kubwa zaidi. Volti zote 240 ziko kwenye lile tundu lililobaki wazi, na mama anafikiri kwa kuwa taa zimezima hakuna stima. Kidole kidogo kikiingia pale, kimeguza stima yote.

Kumbuka neno hili, kwa maana ndilo kubwa la leo: usiangalie volti zilizoandikwa kwenye balbu. Uliza stima inapunguzwa wapi. Ikiwa inapunguzwa ukutani, kwenye adapta, kabla haijafika kwenye waya, basi waya ule una stima kidogo kweli. Ikiwa inagawanywa kwenye balbu zenyewe, waya ule ni sawa na soketi iliyotandazwa nyumba nzima.

Kwa nini watoto wa mitaa yetu wako hatarini zaidi

Nyumba zetu nyingi ni za zamani. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970. Nyakati hizo familia haikuwa na televisheni, friji, simu nne na redio kubwa, kwa hivyo chumba kilipewa soketi moja au mbili. Leo tunaongeza kwa waya wa ekstenshoni, na ekstenshoni nyingine juu yake, zote zikipita sakafuni mtoto anapotambaa. Kwenye ploti nyingine stima ni ya kusambaziwa na jirani, na haina fyuzi wala swichi ya kujizima kunapotokea shoti.

Tena kuna tabia moja tunayoijua sote. Taa za mapambo huja na plagi ya meno mawili, na soketi zetu ni za matundu matatu. Tunafanyaje? Tunachukua kalamu, tunabonyeza tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, tunachomeka. Mama, mtoto anakutazama. Kesho atachukua msumari au uma afanye kama alivyoona. Kalamu isiguse soketi tena nyumbani kwako. Nunua adapta ya meno matatu yenye fyuzi ndani.

Mabadiliko ni nini basi?

Taa za LED zinatumia stima kidogo sana na hazipati joto kama balbu za zamani. Kwa hivyo zinaweza kufanya kazi kwa volti 12, au hata volti 5 kama za chaja ya simu. Volti 12 haziwezi kupenya ngozi kavu kiasi cha kumdhuru mtoto. Sisemi mtoto aruhusiwe kutafuna waya huo, la. Nasema akikosea, hatapoteza mdomo wala uhai.

Mfuko nao unafaidika. Taa ya mezani yenye balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila jioni, inakula uniti 9 za tokeni kwa siku 30. Balbu ya LED ya wati 7 inayotoa mwangaza karibu sawa na huo inakula uniti moja tu na kidogo. Lakini usichanganye mambo mawili. Balbu ya LED ya kuskurubu kwenye taa ya zamani inapunguza bili na joto, lakini waya wa taa hiyo bado ni wa volti 240. Ukitaka usalama wa mtoto anayetambaa, badilisha waya na plagi, si balbu peke yake.

Jinsi ya kubadilisha, hatua kwa hatua

Kwanza, chomoa zile taa za zamani na uziache zipoe. Usijaribu kuzikata na kuunganisha LED ndani ya waya uleule. Kata plagi yake kabisa ukiwa umeshaichomoa ukutani, ili mtu asije akaichomeka tena. Kisha nawa mikono kwa sabuni, maana ganda la nyaya nyingi za mapambo za zamani lina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Ndiyo sababu waya huo haufai kuwa kitu cha kuchezea.

Pili, pima mahali unapotaka taa. Tuseme ni kuzunguka kabati ya televisheni, na umepata mita 5.

Tatu, nenda dukani. Taa za LED za kubandika huuzwa zikiwa zimeviringwa kama utepe, na hapa ndipo fungua macho. Kuna utepe wa volti 12 na kuna utepe wa volti 220 au 240, na zinafanana. Ule wa stima kubwa huwa ndani ya mpira mnene unaong'aa, huuzwa kwa mita nyingi, na huja na plagi yenye kifaa kidogo tu kwenye waya. Kifaa hicho hakipunguzi volti. Ule wa volti 12 ni mwembamba, umeandikwa 12V juu yake kila baada ya sentimita chache, na lazima uwe na adapta. Muuzaji akikwambia "hii haihitaji adapta, unachomeka tu," mrudishie. Hiyo siyo tunayotafuta.

Nne, chagua adapta. Soma maandishi yake. Penye neno INPUT pataandikwa volti 100 hadi 240, hiyo ni stima inayoingia. Penye neno OUTPUT paandikwe 12V DC, hiyo ni inayotoka. Halafu tazama nguvu yake. Utepe mwingi wa kawaida unakula wati 4.8 kwa kila mita, imeandikwa kwenye paketi. Mita 5 ni wati 24. Adapta isifanye kazi hadi mwisho wa nguvu zake, kwa hivyo ongeza robo: 24 na 6 ni wati 30. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati. Adapta ya volti 12 na ampia 2 inatoa wati 24, itapata joto sana. Ya volti 12 na ampia 3 inatoa wati 36, hiyo inatosha.

Usidharau ubora wa adapta, kwa sababu ndiyo ukuta kati ya mtoto na volti 240. Adapta mbovu inaweza kupitisha stima kubwa upande wa pili. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Ikiwa ni nyepesi kama boksi tupu, inanguruma, ina ufa au inanuka, usiitumie. Ni afadhali kununua utepe wa mita mbili na adapta nzuri kuliko mita kumi na adapta ya kubahatisha.

Ikiwa bajeti ni ndogo, kuna taa za kamba za volti 5 ambazo mwisho wake huingia kwenye chaja ya simu. Chaja nzuri ya simu uliyo nayo inatosha. Sheria ni ileile, chaja isiwe bandia.

Tano, unganisha kabla ya kubandika. Fungua utepe wote, usiwashe ukiwa bado umeviringwa maana utapata joto. Waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, zifuate alama za + na - kwenye utepe. Taa zisipowaka, huenda umezigeuza, basi chomoa adapta kwanza kisha ugeuze. Ukitaka kufupisha, kata tu pale penye alama ya mkasi, tena ikiwa imechomolewa.

Sita, weka adapta juu, mahali mtoto hafiki, penye hewa. Isilale chini ya godoro, nyuma ya mto wa kochi wala juu ya pazia. Usiiweke karibu na sinki au ndoo ya maji. Waya unaotoka kwenye adapta una volti 12, lakini adapta yenyewe upande wa ukutani bado ni 240.

Saba, andika kwa kalamu juu ya adapta: "Ya taa za sebuleni." Adapta ya kompyuta ndogo ina volti 19 na inaweza kuingia kwenye tundu lilelile. Ukiichanganya na taa za volti 12, zitapata joto na kuungua.

Hayo yote mama unaweza kuyafanya mwenyewe. Lakini kazi yoyote inayohusu kufungua soketi, taa za darini au nyaya za ukutani, mwite fundi wa stima aliye na leseni ya EPRA. Usione haya kumuuliza leseni yake. Wewe ndiwe utakayelala katika nyumba hiyo na watoto.

Hatari mpya: betri ndogo ya duara

Sasa nikuonye. Unaweza kukimbia moshi ukaingia motoni. Taa ndogo nyingi za LED za kupamba keki, kadi, chupa na viatu vya watoto hazina adapta. Zina betri bapa ya duara, nyingine karibu ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Stima yake ni volti 3 tu, haiwezi kumpiga mtoto akiishika. Lakini akiimeza na ikakwama kooni, ule unyevu wa koo huifanya itoe kemikali ya kuchoma nyama, na kwa muda wa saa mbili tu inaweza kutoboa koo.

Mtoto aliyemeza betri anaweza kutokwa na mate mengi, kukataa chakula, kukohoa, kutapika au kushika kifua. Mwingine haonyeshi dalili yoyote. Ukishuku tu, usingoje asubuhi wala usingoje aende choo. Usimtapishe. Mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei, kama Mama Lucy Kibaki au Kenyatta, na useme wazi kwa sauti: "Mtoto amemeza betri." Ikiwa amepita mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua kwa koo, lakini si dawa, kwa hivyo usichelewe kutoka kwa sababu ya kuitafuta. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Kwa hivyo, taa za betri zinunuliwe zile ambazo kifuniko chake kimefungwa kwa skurubu. Na betri iliyokwisha nguvu bado inachoma. Ifunge kwa seloteipu pande zote mbili na uiweke juu kabisa, hadi utakapoitoa nyumbani.

Ajali ikitokea

Mtoto akinaswa na stima, usimshike. Najua moyo wa mama, lakini ukimshika mtanaswa wawili. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikiwa huwezi, simama juu ya kitu kikavu, kama ubao au gazeti nene, umsukume mbali na waya kwa mti wa ufagio ulio mkavu. Usitumie chuma wala kitu chenye maji.

Akishaachana na stima, tazama kama anapumua. Ikiwa hapumui, piga kelele upate msaada na uanze kumbonyeza katikati ya kifua mara 30, haraka haraka, kisha mpulizie pumzi mbili, na uendelee hivyo mkitafuta gari. Ikiwa anapumua na ameungua, mwagia mahali pale maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Vitu hivyo huficha kidonda na kuleta viini.

Kisha mpeleke hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama punje ya mahindi. Stima huchoma ndani zaidi kuliko inavyoonekana nje, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Na hapa namrudia yule mtoto wa kwanza. Kidonda cha stima kwenye pembe ya mdomo kina hila yake. Kinaweza kuonekana kinapona, halafu kati ya siku ya tano na ya kumi na nne gamba likabanduka na mshipa ulio chini yake ukatoka damu nyingi ghafla, pengine usiku. Mama yake tulimfundisha kwamba damu ikitoka, akunje kidole, abane mdomo kwa nguvu, dole gumba nje na kidole kingine ndani, na asiachilie hadi afike hospitali. Siku ya nane, usiku, gamba lilibanduka. Mama alibana, jirani akatafuta gari, na mtoto akafika salama. Leo ana kovu dogo tu mdomoni.

Zile za zamani zipelekwe wapi?

Usimpe mtoto achezee, na usimpe jirani ambaye naye ana mtoto. Wala zisichomwe ili kupata shaba. Tumewaona vijana wakichoma nyaya karibu na jaa la Dandora na hata nyuma ya nyumba. Moshi wa mpira huo una sumu, na madini ya risasi hubaki kwenye udongo ambapo watoto hucheza. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za stima na elektroniki. Mnaweza kukusanya za ploti nzima, mtu mmoja azipeleke.

Kabla hatujaagana, leo jioni ukifika nyumbani fanya mambo matatu. Piga magoti sakafuni, uwe na kimo cha mtoto wako, na utazame nyuma ya kochi na chini ya meza ni nyaya gani anazofikia. Kila waya unaouona, uufuate hadi ukutani na uulize: stima hii inapunguzwa wapi? Usipoona adapta, uchomoe usiku huo huo. Mwisho, tafuta kila kitu chenye betri ya duara na uhakikishe kifuniko kimefungwa.

Sikukuu ipite bila taa, mtoto atasahau. Lakini taa zikiwepo, na ziwe za kumfurahisha, zisiwe za kumtia kovu.